Bulangeti la Simba

Katika hadithi za nyumbani kwetu, simba hakuwahi kudanganywa na sungura. Aliyedanganywa alikuwa fisi. Fisi njo, yaani ndiye, aliyefungwa kamba kwenye mti, fisi njo aliyeingia shimoni akifuata harufu ya mafuta, fisi njo aliyebaki akilia huku sungura akienda zake na nyama yote. Simba alipita tu mwishoni, kwa mbali, akaitazama ile fujo, akaendelea na safari yake. Nilikua nikijua kwamba dunia nzima inasimulia hivyo.

Kisha nikaanza shule. Tulikuwa bado Nyamitaba, kijiji chetu cha milimani, na siku moja mwalimu akatusimulia hadithi ya sungura na simba. Alipofika pale simba anapofungwa kwenye mti, nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, hapo umekosea. Ule haikuwa simba. Ilikuwa fisi."

"Nani alikuambia?"

"Koko."

"Koko yako alikuwa pale?"

"Alikuwa anashika kamba!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na darasa zima likaanguka kwa kicheko.

Nilirudi nyumbani na machozi ya hasira. Koko, mama mzaa baba yangu, alikuwa ameketi uani akichambua maharagwe. Hakucheka. Alisukuma ungo pembeni, akanivuta karibu na magoti yake.

"Waache baseme simba. Wao hawana kosa. Lakini sisi hatuchekaki simba. Njo muziro yetu."

Muziro, kwetu, ni kitu ambacho ukoo wako umekatazwa kukidharau. Kuna wasiokula kondoo, kuna wasiogusa ndege fulani hata akiangukia ndani ya chungu. Sisi ni simba. Koko akanieleza kwamba hapo zamani mama mmoja wa ukoo wetu alishikwa na uchungu akiwa peke yake malishoni, mvua ikinyesha, ndani ya kibanda cha majani kisicho na mlango. Fisi wakasikia harufu ya damu wakaja. Simba naye akaja. Akalala pale penye nafasi ya mlango, akampa yule mama mgongo, uso akauelekeza nje. Fisi wakazunguka, wakachoka, wakaondoka. Kulipokucha simba akainuka akaenda zake bila kugeuka nyuma, na mtoto aliyezaliwa siku ile njo aliyetuzaa sisi sote.

"Tangu pale," Koko akasema, "hatumucheki. Hatukaliaki ngozi yake, hatuilaliaki, hatujifunikaki nayo. Na ukimukuta amelala pori na hataamuka tena, unakata majani mabichi, unamufunika vile unafunika mukubwa yako. Kisha unaenda."

"Koko, we ulishamukuta?"

"Hapana."

"Baba yako je?"

"Nayo hapana." Akarudi kwenye maharagwe yake. "Lakini majani iko tayari."

Ukweli ni kwamba milima yetu haina simba. Ina ng'ombe, ina ukungu, ina matope yanayokuvua kiatu. Watu husema simba wako mashariki, chini kule kwenye tambarare ya mbuga. Dereva mmoja wa lori aliniapia kwamba alimwona, amelala katikati ya nyasi kama mbwa aliyeshiba, hata hakuinua kichwa. Nilimfanya arudie maneno hayo mpaka akanifukuza. Tangu utotoni ndoto yangu ni hiyo: kusimama mbali, na karatasi na penseli, nimchore yeye mwenyewe, siyo picha yake.

Baba alipofariki, mama alinipeleka kwao Itebero, ndani ya pori la Walikale, ambako safari inahesabiwa kwa miguu na mito. Huko niliposema simba, mjomba wangu aliinua nyusi.

"Simba njo nini? Ile paka ya kwenye kopo ya maziwa?"

Pori lao lina chui, na chui njo mwenye pori. Jioni walisimulia hadithi zile zile za kwetu, shimo lile lile, kamba ile ile, lakini aliyepita mwishoni kwa mbali, akatazama, akaendelea, alikuwa chui. Wengine wangehuzunika. Mimi nilifurahi sana. Nilijiambia kwamba hadithi inatembea kama sisi, inavuka mito, na ikifika mahali inauliza: mukubwa wa hapa ni nani? Kisha inamwachia yeye nafasi ya heshima.

Nilirudi kwa Koko nikiwa kijana, mama akabaki kwao, shule nimeiacha katikati ya sekondari, mkono wangu ukijua jambo moja tu, kuchora. Sikukaa sana Nyamitaba. Asubuhi moja risasi zilianza upande wa juu wa kijiji na tukashuka na watu wote. Koko alibeba jembe na sufuria. Shamba la mababu lilibaki, ng'ombe walibaki, na ndugu za baba walitawanyika, kila mmoja njia yake. Tulipofika Kashuga tulipewa nafasi kambini, kwenye mteremko, tukajenga kibanda cha miti na shitingi, yale maturubai ya msaada. Mlangoni tukaning'iniza gunia.

Pale njo nilipoanza kuelewa kitu kuhusu Koko. Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika hata ng'ambo ya mto, alipenda kusimulia watoto hadithi jioni mbele ya moto. Alikuwa fundi kweli. Lakini kila sungura alipoanza kumzunguka simba, Koko aliinuka taratibu, akashika fimbo yake, akaingia ndani. Hakumkataza mtu. Aliondoka tu, na hadithi ikiisha alirudi kukaa. Jirani alidhani anaenda kujisaidia.

"Koko, kibofu yako inajuaka hadithi!" alimwambia siku moja, na sote tukacheka, hata Koko mwenyewe.

Shamba alinyang'anywa. Watoto wake wawili aliwazika. Muziro ule haukuwa na uzito kichwani wala hakuna aliyeweza kumpokonya barabarani. Alikuwa nao.

Msimu wa mvua ulipofika, kifua chake kikaanza kumsumbua. Kashuga jioni upepo unashuka mlimani na kuingia moja kwa moja penye gunia letu, unalipiga, unalirusha, unaingia kama mwenye nyumba. Tulikuwa na mabulangeti ya kijivu ya msaada, membamba, ukiyainua unaona mwanga wa upande wa pili. Koko alijifunika yote na bado meno yaligongana. Nilimbeba mgongoni hadi kituo cha afya. Muuguzi alimpa dawa, kisha akanivuta pembeni.

"Dawa itasaidia. Lakini huyu mama adui yake ni baridi. Akilala kwa upepo tena, kifua hakitavumilia. Utafute kitu kizito."

Kitu kizito kilikuwa sehemu moja tu sokoni: kwenye butiki, duka la mzee mmoja tuliyemwita Papa, aliyetoka upande wa Butembo, Mkatoliki, mtu wa simenti, mabati na chumvi. Bikira Maria yuko ukutani juu ya mizani yake, na kila anayepima anamtazama. Alikuwa amenitafuta siku chache kabla, nimchoree ukuta wa mbele. Ingekuwa kazi yangu ya kwanza kubwa, ukuta mzima. Mpaka pale nilikuwa nimechora tu mikasi kwa kinyozi.

"Kijana," aliniambia nilipokwenda, "nataka simba. Mukubwa! Amelala chini, ulimi iko inje, na mufuko ya simenti juu yake imemuponda. Batu baone nguvu ya simenti yangu."

Nilisimama na brashi mkononi.

"Papa, ile siwezi."

"Simba inakushinda? Si walisema weye njo fundi?"

"Kuchora naweza. Kumuponda njo siwezi. Kwetu ni muziro."

Alipiga makofi mara moja. "Yesu! Simba ya rangi! Sasa nikikuambia uchore kuku, utasema kuku ni shangazi?"

Nilicheka pia, maana ilichekesha. Kisha nikamwambia: simba asiwe chini ya mfuko, awe mbele yake, ameketi, anaulinda. Mwizi akiona, atarudi alikotoka. Papa alikuna kidevu. Wazo la mwizi kurudi lilimpendeza kuliko nguvu ya simenti. Akakubali, nami nikachora simba bora kuliko wote niliowahi kuwaota, manyoya ya shingo nikayapa rangi ya mtama ulioiva. Nilipomaliza nikamwomba anilipe kwa bulangeti moja zito.

Akaingia nyuma, akakaa huko, akatoka amelikumbatia bulangeti moja.

"Imebaki hii tu. Mengine yaliisha, na lori iko kwa matope hata sijui wapi. Barabara imekatika."

Lilikuwa zito, laini, la kumlaza mtu kabla hajalala. Na uso wote wa lile bulangeti ulikuwa simba, kichwa kikubwa cha dhahabu, macho yakikutazama popote ulipo. Nililipindua. Upande wa nyuma ulikuwa hudhurungi tupu, bila picha. Moyo ukaruka. Nikasema: nitalilaza picha juu, hudhurungi kwa Koko, hatagusana naye.

Njiani nilikuwa karibu kukimbia. Koko alikuwa amelala, pumzi ikipiga filimbi. Nililitandaza juu ya miguu yake. Alifungua macho, akaona, akavuta miguu yake polepole kama mtu anayeitoa majini.

"Toa."

"Koko, angalia, nikigeuza picha haikufikii. Upande yako ni rangi tu."

"Ukinipa mugongo, we umeshatoka hapa? Si uko tu?"

"Koko, ni kitambaa. Imefumwa na mashini."

"Najua ni kitambaa. Mi si mujinga." Akakohoa mpaka nikamshika mabega. Alipopata pumzi akasema chini chini, "Unataka nijifunike mukubwa yangu kama gunia?"

Jirani alikuwa ameingia nyuma yangu kuangalia. Alilishika bulangeti, akalipapasa, macho yakamtoka.

"Koko, kama hulitaki, mupatie mie. Mi nalala hata chini ya mamba."

"We lala na mamba yako," Koko akajibu, na tukacheka wote watatu. Kicheko kilimrudishia kikohozi.

Kesho yake kikohozi kilikuwa kimezidi. Nilirudi butiki kuomba kubadilisha, hata kwa kitu kibaya zaidi. Hakukuwa na kitu. Papa alipoona uso wangu alifunga mlango wa butiki mchana, jambo ambalo hafanyi hata siku ya mazishi ya mtu wa mbali, akanifuata mpaka kambini. Aliinama kuingia, akakaa juu ya ndoo.

"Koko, jambo. Mimi njo mwenye bulangeti. Nimekuja kukuambia: simba ya bulangeti haiumaki. Mungu hatakasirika. Na weye si ni mukristo?"

"Niko mukristo. Nilibatizwa kabla baba yako hajazaliwa."

"Basi!"

Koko alimtazama kwa upole. "Papa, kwa butiki yako kuko picha ya Bikira Maria. Ile ni karatasi, ndiyo?"

"Ndiyo, ni karatasi."

"Siku moja mvua ikinyesha, matope iko mingi, nikuombe ile karatasi niitandike kwa mulango nipanguse miguu. Utanipa?"

Papa akavua kofia yake. Tulisikia mvua ikianza juu ya shitingi, matone makubwa, moja moja.

"Nisamehe, Koko," akasema. Alipotoka alinishika mkono, akauacha, akashuka mteremko bila kuweka tena kofia kichwani, na mvua ikimnyeshea.

Jioni iliingia mapema. Upepo ulishuka mlimani kama kawaida yake. Gunia la mlangoni lilirushwa juu, likarudi, likarushwa tena, na kila liliporushwa Koko alikunja magoti. Nilikaa mbele yake nijaribu kuwa ukuta. Mimi ni mwembamba, sikuwa ukuta wa maana. Bulangeti lilikuwa kwenye kona, limekunjwa, jicho moja la simba likionekana. Nilimkasirikia. Nikamwambia moyoni: weye, kama ni mukubwa wetu kweli, mbona umekaa kwenye kona? Wakati wa yule mama hukukaa kwenye kona.

Nikasimama.

"Koko. Yule simba wa mama mwenye kuzaa, alilala wapi?"

"Unajua."

"Niambie tena."

"Kwa mulango."

"Alimufunika yule mama?"

"Apana! Angemufunika vipi? Alilala tu pale, akamupatia mugongo." Nilimwona anaanza kufikiri. "Uso yake ilikuwa inje," akasema polepole.

Nilitoa gunia lile la zamani. Nilitoboa bulangeti juu kwenye pindo, mbali na manyoya yake, nikapitisha kamba, nikalifunga kwenye mti wa juu wa mlango. Jirani alikuja na misumari iliyopinda na jiwe, akanisaidia kuligonga pembeni, akiuliza kila mara kama hapo anaweza kupiga au ni sikio. Picha ilielekea nje. Ndani tulibaki na upande wa hudhurungi, mpana, mzito, kama mgongo.

Upepo ulikuja. Ulisukuma. Lile bulangeti lilivimba kidogo, kama mnyama anayevuta pumzi, likakaa. Moto wetu mdogo uliacha kuyumba. Koko alikuwa anatazama ule mgongo. Alitazama sana. Kisha akanyoosha miguu yake chini ya mabulangeti membamba, yote miwili, na akalala.

Alipona. Siwezi kusema zaidi ya hapo, muuguzi mwenyewe alishangaa. Mvua zote zile alizipita nyuma ya simba. Kambini kibanda chetu kikapata jina, watu wakielekezwa waliambiwa: pita kisima, nyumba ya simba. Watoto walikuja kumtazama, na wa kwanza aliyemtolea ulimi nilimfundisha kusema "Jambo, mukubwa" kabla ya kuingia. Walifanya hivyo kwa kucheza. Baadaye wakazoea, hata wakubwa wakaanza, na nimemsikia Papa wa butiki, aliyekuja kumletea Koko chumvi, akikohoa pale nje na kusema kwa sauti ndogo, "Jambo, mukubwa," kisha akatazama nyuma kama kuna mtu amemwona. Jirani naye, akifika pale sungura anapomzunguka simba, aligeuza macho kwenye mlango wetu, akasema, "Na fisi, batoto... fisi akaja," na Koko akabaki ameketi mpaka mwisho.

Koko alituacha wakati wa kiangazi, asubuhi yenye jua, akiwa ameegemea nguzo ya kibanda. Baridi haikumchukua. Alikuwa mzee, alichoka, na nilikuwa nauchora mkono wake kwenye karatasi.

Wamama wa kambi walikuja kumwosha. Walipomaliza, mmoja mzee, ambaye hakutujua vizuri, alitazama huku na huku na kuonyesha mlangoni.

"Mumufunike na ile. Ni nzuri. Mutu mukubwa hawezi kuenda na kitambaa tu."

Kwetu njo desturi, marehemu anavikwa bulangeti zuri kuliko yote nyumbani. Wakanisubiri. Nilikuwa mtu pekee wa ukoo pale. Ndugu za baba hawakujua hata kwamba amefariki. Nikisema ndiyo, hakuna aliye hai angenilaumu.

"Hapana, Mama," nikasema. "Ile hatujifunikaki."

"Sasa utamuzika hivi, kama mutu hana batu yake?"

"Atafunikwa."

Nilichukua panga nikapanda juu ya kambi, kwenye malisho ambayo nyasi yake inafanana kidogo na ya Nyamitaba. Nilikata nyasi mbichi na majani mapana ya migomba, yale ya ndani yasiyopasuliwa na upepo. Niliporudi na mzigo, jirani alikuwa ameshika panga lake, hakuuliza, akapanda nilikotoka. Papa wa butiki akamfuata na viatu vyake vya mjini. Walirudi wamejaa majani mikononi, Papa ana tope hadi magotini. Tulimvika Koko kitenge chake cha kanisa, na juu yake tukaweka majani, tabaka kwa tabaka, mpaka kibanda kikanuka kama malisho baada ya mvua. Sala ikasomwa. Jirani, mwenye kicheko kile, alilia bila sauti.

Ilipofika wakati wa kumtoa, wanaume waliinua machela wakasimama. Simba alikuwa mlangoni. Wote wakanitazama.

Nilienda nikamshika kwa pindo la chini, mikono miwili, nikamwinua taratibu juu ya kichwa changu, nikahakikisha hata uzi wake mmoja hautagusa majani. Alikuwa mzito. Wakainama, wakapita chini yake, Koko akapita, akatoka nje kwenye jua.

Jioni nilirudi peke yangu. Nikasema, "Jambo, mukubwa," nikaingia. Mabulangeti ya kijivu yalikuwa pale yakingoja, membamba kama kawaida. Nilijifunika yote. Kulikuwa na baridi, na upepo ulikuwa umeanza kushuka mlimani, na mlangoni ule mgongo mpana ulivimba kidogo, ukakaa.